Nilivyoiga saa ya nesi kubeba GPS mlimani

Nilianguka mlima Longonot nikiwa na GPS mkononi, kile kifaa cha kukuonyesha ulipo, na kwa ujinga wangu nikaiokoa GPS kwanza. Ilikuwa ile sehemu ya mwisho kabla ya kilele, ambapo vumbi la volkano ni laini kama unga na ukipiga hatua mbili unarudishwa moja. Mkono wa kulia ulishika fimbo, wa kushoto ulishika kile kidude cha manjano. Mguu ulipoteleza, mkono wa kushoto ukainuka juu kama wa mtoto anayetaka kujibu swali darasani, nami nikatua kwa goti na kiwiko. GPS haikupata hata mkwaruzo. Jumatatu niliingia kazini nikafungwa bandeji, nesi mzima kufungwa vidonda na manesi wenzake, na vicheko vyao sikuvipenda hata kidogo.

Kifaa chenyewe aliniachia shemeji alipohama Nakuru. Wengi huniuliza kwa nini nisitumie simu kama watu wengine. Simu ninayo, na ramani zimo. Lakini jua la saa sita likipiga kioo cha simu huoni kitu, ilhali kioo cha hiki kidude kadiri jua linavyowaka ndivyo kinavyosomeka. Tena kinakula betri mbili za AA, zile za kawaida, ambazo hata kibanda cha mwisho kabla ya msitu kinauza. Simu yangu naizima data, naiacha ilale ndani ya begi, ikisubiri siku ya dharura.

Shida ilikuwa moja tu: nikibebe wapi?

Kabla ya kuanguka nilikuwa nimejaribu mfuko wa suruali. Siku hiyo nilizunguka ukingo wote wa kreta ya Longonot, lile shimo la volkano, mzunguko ambao unajulikana kuwa kilomita 7.2, na jioni nilipoitazama njia iliyorekodiwa nikacheka. GPS ilidai nimetembea karibu kilomita 9, na katika sehemu tatu mstari ulikuwa umeruka ukingo, ukatumbukia ndani ya kreta na kutoka tena. Yaani kwa mujibu wa kifaa hicho mimi ni ndege. Sababu yake ningeijua mapema kama ningefikiri kinesi. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi juu ya ardhi, na mawimbi yake yanapotufikia ni hafifu mno. Maji huyameza. Mwili wa mtu mzima ni maji kwa kiasi cha asilimia 60. Ukikitia kifaa mfukoni, paja lako linakizibia nusu ya anga, na kinahitaji kuona setilaiti 4 kwa uchache ndipo kijue kilipo na kimo chake. Zilizobaki zikiwa upande mmoja tu, kinakisia. Kikikisia, kinaruka.

Nikahamia shingoni, kwa utepe ule wa kuvalia kitambulisho cha kazi. Kwenye tambarare ni raha. Ukianza kupanda na kuinama, kinakuwa timazi la fundi mwashi: kinakupiga kifuani, kinagonga jiwe, na ukipita kwenye kichaka tawi linakamata utepe na kukuvuta shingo. Utepe wa shingoni usiofyatuka wenyewe ukivutwa ni kitanzi, hilo nalisema kama mtu wa hospitali. Kiunoni kwenye mshipi pia nilijaribu. Kila nilipokaa kupumzika kilichomoka, na mara moja nilirudi nyuma nusu saa kukitafuta. Mkononi, kwa ule mkanda wanaovaa wakimbiaji, nilitokwa jasho nikaacha. Kuna wanaouza mikanda ya kifuani yenye mfuko katikati. Kwa mwanaume huenda ni sawa, lakini mwanamke aliyewahi kuvaa kitu kama hicho juu ya sidiria huku anapanda mlima ataelewa kwa nini sikuendelea.

Jibu lilikuwa limening'inia kifuani pangu siku zote. Sisi manesi tuna saa ya kubana kwenye sare, na mtu akiitazama kwa mbele anaona imepinduliwa, kumi na mbili iko chini. Haikukosewa. Imepinduliwa kwa ajili ya anayeivaa: unainua ncha ya chini kidogo, inakutazama wima, na unahesabu mapigo ya moyo ya mgonjwa mkono wako ukiwa kwenye mkono wake. Nilikuwa zamu ya usiku, nimeshika kifundo cha mkono cha bibi mmoja, sekunde zinahesabika, ndipo likanijia: mkanda wa begi, juu karibu na mtulinga, kichwa chini.

Asubuhi nikapita kwa mama.

"Mama, ile mashine ya presha iliyokufa bado ipo?"

"Ipo. Unaipeleka wapi tena?"

"Nataka kile kitambaa chake tu."

"Chukua, mwanangu. Lakini ukiniletea nyingine usininunulie ya bei rahisi."

Mkanda wa mashine ya presha, ule unaozungushwa mkononi, umeshonwa kwa nailoni ngumu na una velkro pana kuliko utakayoipata dukani. Nilikata ule mpira wa hewa wa ndani, nikabaki na kitambaa. Nikachukua na kifuko cha zamani cha simu, nikapeleka vyote kwa fundi wa viatu aliye karibu na stendi. Mzee yule alivigeuzageuza kwa muda.

"Daktari, hii ni ya kupima nani?"

"Si ya kupima mtu, mzee. Ni ya kubebea dira."

Nilimweleza kwa kumwonyesha saa yangu. Hapo akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia. Kitambaa cha presha alikifanya kizunguke mkanda wa begi na kujifunga kwa velkro. Kifuko alikishona hapo kwa ncha ya juu peke yake, ili ile ya chini ibaki huru kuinuliwa. Kifaa kinaingia kichwa kikitangulia, mdomo wa kifuko ukiwa juu, kwa hiyo hakiwezi kudondoka kwa uzito wake. Mbele akakata dirisha dogo kuliko kioo kwa upana wa uzi mmoja pande zote, pembeni akatoboa penye vitufe. Chini kabisa nilimwomba tundu moja la kutolea maji. Kwa hiari yake akaongeza kamba ya kiatu, ncha moja kwenye tundu la kifaa, nyingine kwenye mshono wa begi. Nikamwambia si lazima. Akanijibu kwamba velkro ni rafiki wa mchana. Alinitoza shilingi 200.

Jumamosi iliyofuata tulishuka kreta ya Menengai. Ukiwa juu, penye mita 2,278, kreta ile yenye upana wa kilomita 12 kwa 8 hivi inaonekana kama uwanja. Ukifika chini ni jambo lingine: mawe ya lava yamepandana, vichaka vya leleshwa vimefunga kila upenyo, mvuke unatoka hapa na pale, na ukigeuka mara tatu hujui Nakuru mjini iko upande gani. Hapo ndipo mikono miwili ina thamani. Mmoja wa fimbo, mmoja wa kushika mwamba, na nikitaka kujua nilipo nainua ncha ya kifuko kwa kidole kimoja, nasoma, naachia. Kwa kuwa begani kifaa kinalala kwa mteremko, uso ukitazama mbele na juu, kilikuwa kinaona anga kubwa, na mstari wa safari ile ulitoka mwembamba kama uzi.

Kulikuwa na jambo ambalo sikulitazamia. Tulikuta vijana wawili kwenye kichaka wakichoma makaa. Waliponiona na kidude cheusi begani (kifuko ni cheusi) na kamba ikining'inia, mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Afande," na kabla hatujawasalimia walikuwa wameshayeyuka. Kwa hapa kwetu kitu kwenye bega la kushoto ni redio ya polisi, basi. Tangu siku hiyo nimeshonea kifuko utepe wa rangi ya waridi.

Na fundi alikuwa amesema kweli. Tulipokuwa tunapanda kurudi, tukapita kwenye uwanda uliojaa kishonanguo. Mbegu zake zilijaza ile sehemu ya velkro yenye manyoya, na nilipoivua na kuifunga upya ili kuisogeza, haikushika. Sikuona. Hatua kumi baadaye nikasikia kitu kinagonga mbavu: kifuko, kifaa na mkanda wa presha wa mama vyote vinaning'inia kwa kamba ya kiatu peke yake, juu ya korongo ambalo nisingeshuka kutafuta chochote, hata mshahara. Siku ya pili yake nilirudi kwa mzee. Hakusema neno. Alikata pete mbili kwenye tyubu ya baiskeli, upana wa vidole viwili, akazivisha juu ya velkro. Mpira wa tyubu hung'ang'ania nailoni hata ikilowa, na ukikatika unapata mwingine kwa fundi yeyote wa baiskeli.

Mwezi uliopita nilikwenda nayo msitu wa Kakamega, kutoka Isecheno hadi kilima cha Lirhanda. Nilichagua msitu makusudi, maana majani mengi yaliyolowa ni maji yaleyale ya mwilini, yananing'inia kichwani. Nilifanya kajaribio kangu: chini ya mti mmoja mkubwa nilikitia mfukoni nikasubiri, kikaniambia kosa lake ni mita 28, nikakirudisha begani, baada ya dakika chache kikashuka hadi mita 9. Sidai ni utafiti, ni mti mmoja na mtu mmoja. Mvua ya mchana ilitukuta njiani kama ilivyo desturi ya huko, na lile tundu la chini likafanya kazi. Vifaa vingi vya aina hii vimeandikwa IPX7, kwamba vinahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30, lakini kifuko kisichotoa maji kinakuwa bakuli na unasoma namba kupitia supu.

Ila kina kero yake. Kifaa kimefungwa kwenye begi, si kwangu. Ukiliweka begi chini ukaenda kichakani kujisaidia, umekiacha, na kwenye ukungu hatua thelathini zinatosha kukupoteza. Nimejizoeza kuifungua kamba kwanza. Pia epuka vifuko vinavyofungwa kwa sumaku kama kifaa chako kina dira ya ndani: sumaku ile inaizubaisha, ikakuonyesha kaskazini iliko begi lako.

Sasa mwenzangu wa wodini ananunua ya kwake, Garmin GPSMAP 64, ile yenye kinundu juu. Nilitaka kumpeleka kwa mzee ashonewe kama yangu, kisha nikasita. Kile kinundu ni antena ya koili, na hiyo hupenda kusimama wima. Ukiipindua kichwa chini unaielekeza ardhini. Antena ya kifaa changu ni bapa na iko ndani, ikitazama anga kwa uso inatosha, kupinduliwa hakuisumbui. Nilimweleza mzee hayo. Akachukua chaki, akachora kifuko kwenye kipande cha ngozi, kinundu kikichomoza juu ya bega na bawaba ikiwa chini, ili kifaa kianguke mbele kama droo kinapotazamwa. Ametuambia turudi Jumamosi na betri zikiwa ndani, apime uzito.