Suzhou, kwa Wasaga Jade

Treni ya kasi kutoka Shanghai ilinifikisha Suzhou kwa kama nusu saa, nikaenda moja kwa moja barabara ya Xiangwang, penye karakana za jade, jiwe gumu la thamani. Nimekulia jirani na wachonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, kwa hiyo masikio yalitegea mlio niliouzoea: tezo na patasi zikigonga mpingo. Sikuusikia. Kila karakana ilitoa mvumo mwembamba, kama kwa daktari wa meno, na maji yakidondoka.

Fundi mmoja mzee alitukaribisha, mimi na mwanafunzi aliyenitafsiria. Nilimwamkia “shifu”, kwani ndivyo fundi anavyoitwa kwa heshima, nikamwuliza patasi zake ziko wapi. Akachukua kisu, akakikwaruza juu ya kipande cha jade. Jiwe halikuchubuka, kisu ndicho kilichoacha mstari wa kijivu.

Jade haichongwi, inasagwa. Zamani fundi alikanyaga pedali kuzungusha kisahani cha chuma, huku akitia mchanga mgumu uliolowa. Mchanga ndio uliokula jiwe. Leo kuna mota na unga wa almasi, ila kazi ni ileile.

Mezani palikuwa na bakuli la kuoshea brashi za kuandikia, dogo la kuenea kiganjani, lenye umbo la jani la yungiyungi lililojikunja. Vitu vya namna hii vilipamba meza za wasomi wa China: viegemeo vya brashi vyenye sura ya milima, vidondoshea maji ya kusagia wino, vigandamiza karatasi. Lu Zigang, fundi wa Suzhou wa karne ya 16, bado anatajwa hapa.

Jiwe la bakuli lilitoka mtoni Hotan, Xinjiang: jeupe ndani, ganda la kahawia nje. Fundi hakuliondoa ganda lote. Sehemu moja ameifanya ukingo wa jani unaoanza kukauka, nyingine chura. Kazi ya miezi mitatu! Beijing nilikuwa nimeuona mlima wa jade wa Qianlong, mfalme wa China wa karne ya 18, sanamu ya tani 5 hivi. Niliustaajabia, lakini haukunishika moyo kama chura huyu.

Mzee alimimina maji, akachovya brashi yenye wino. Weusi ukatanda taratibu chini ya chura. Kisha akamwaga, akapangusa jani kwa kidole gumba, akarudi kwenye mashine.