Mtambo Uliochemsha Kitonga

Mjomba hakupenda mtu asome kimyakimya ndani ya lori lake. "Soma tusikie wote," alisema tulipoiacha Ruaha Mbuyuni, na utingo akaunga mkono kwa kuzima redio. Basi nikawa nasoma Kiingereza moyoni na kukitoa kwa Kiswahili. Ilikuwa likizo ya kidato cha nne, tunatoka Dar kurudi Iringa na shehena ya mbolea.

Kitabu kilikuwa Decision at Thunder Rift cha William H. Keith Jr., cha mwaka 1986, nilichokipata kwenye meza ya vitabu vya mitumba. Kimetokana na BattleTech, mchezo wa mezani wa ramani na dadu uliotolewa na kampuni ya FASA ya Chicago mwaka 1984. Ni karne ya 31. Koo kubwa tano zimepigana vita hadi viwanda vimeteketea na ufundi mwingi umepotea. Anayetamba vitani ni mwenye mitambo inayotembea kwa miguu, ya tani 20 hadi 100, ambayo watu wanarithishana na kuitengeneza kwa spea za mitambo iliyokufa. Utingo alifurahi sana hapo. Spea za kuchomoa kwenye gari bovu ndiyo maisha yake.

Kijana Grayson Carlyle, baba yake ni kamanda wa jeshi la kukodiwa. Baba anauawa katika sayari ya Trellwan, kijana anabaki hana hata mtambo mmoja.

Tulikuwa hapo mlima wa Kitonga ulipoanza kutubana. Mjomba alirudi gia ndogo kabisa, jicho moja kwenye kona, la pili kwenye mshale wa joto. Mshale ulipogusa nyekundu akasogea pembeni, utingo akaruka na magogo kuzuia tairi. Mvuke ulitoka kwenye rejeta unanuka kutu na oili, matone yakadondoka kwenye lami na kukauka papo hapo. "Mtu asiguse mfuniko," mjomba akasema. "Endelea kusoma."

Nikaendelea: rubani analowa jasho ndani ya mtambo, joto linapanda kila anapofyatua.

"Kwa hiyo hawezi kupiga silaha zote kwa pamoja?"

"Hawezi, mjomba. Akizidisha, mtambo unazima."

Alitafakari kidogo. "Huyu mwandishi anaijua injini."

Kanuni za mchezo nilikuja kuziona miaka mingi baadaye, na zikaonyesha kwamba mjomba alishika kiini chake pale pale mlimani. Kupiga silaha ya leza ya wastani kunaongeza joto pointi 3, kutembea 1, kukimbia 2. Vipoza vikizidiwa, mtambo unapungua kasi, shabaha inayumba. Joto likifika 14 unarusha dadu kuona kama utazima, likifika 30 unazima tu. Wapo wanaozidharau riwaya za namna hii kwamba ni matangazo ya mchezo. Mimi nazipenda kwa sababu hiyo hiyo ya kanuni: shujaa hapewi ushindi wa bure, kila risasi ina gharama, na msomaji anaihesabu pamoja naye.

Kilichomshinda utingo ni pale Carlyle anapowafundisha askari wa miguu kuiangusha mitambo. "Mtu na bunduki yake, aliangushe dude la tani 20? Hapana."

Mjomba, Mhehe wa damu, hakumjibu. Injini ilipopoa tukajaza maji, tukapanda, tukapita Ilula na matenga yake ya nyanya. Tulipofika Lugalo alipunguza mwendo, akanyoosha kidole kwenye mnara. Tarehe 17 Agosti 1891, alisema, msafara wa Wajerumani ulipita hapa na bunduki za kisasa na mizinga, unaongozwa na Emil von Zelewski. Wapiganaji wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, walikuwa wamejificha. Wakautokea ghafla kwa mikuki, na Zelewski akafia hapa hapa.

"Walisubiri karibu," akamwambia utingo. "Bunduki ya mbali ukiisogelea, imekuwa fimbo. Mjomba, hebu rudia hiyo sehemu ya askari wa miguu, taratibu."

Nikairudia. Sura iliisha tukiwa Ipogolo, na utingo akagoma kushusha mbolea mpaka nimweleze inayofuata.