Nilivyopata usingizi wakati wa mimba bila dawa ya usingizi

Mimba yangu ya pili ilikuwa ya miezi sita nilipoanza kuogopa magharibi. Nikishajinyoosha kitandani tu, miguu inaanza. Si maumivu wala ganzi. Ni kama siafu wanaotembea ndani ya mifupa, na hawaondoki mpaka uinuke utembee. Ukirudi kulala, nao wanarudi. Saa nane za usiku nilikuwa nazunguka uani kwetu Mbagala na khanga moja, mkono kiunoni, mume wangu akiniita dirishani niingie ndani.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Jirani akaniletea nusu kidonge cha diazepamu, akasema yeye alimeza mimba zote tatu. Wifi yangu akamuunga mkono: "Wifi, hii ni ya usingizi tu. Ingekuwa na madhara ingeuzwa hovyo?" Diazepamu niliikataa, lakini nikaenda duka la dawa na nikashawishika kwa promethazini, dawa ya mzio inayoleta usingizi. Muuzaji aliniambia wajawazito wanapewa wakitapika, kwa hiyo niimeze bila wasiwasi.

Usiku ule sitausahau. Nilimeza saa tatu. Kufika saa nne kope zilikuwa nzito, kichwa kinadai mto, na miguu imepagawa kuliko siku zote. Mwanzoni siafu walikuwa chini ya magoti. Sasa walipanda mapajani, nikawahisi mpaka mikononi. Nikitaka kutembea, usingizi unaniangusha. Nikikaa, miguu inaniinua. Niligonga ndoo, nikashika ukuta, mwishowe nikakaa chini nikisugua nyayo kwenye sakafu ya baridi hadi adhana ya alfajiri. Usiku wa pili nikarudia, nikidhani mwili haujaizoea. Yakawa yale yale. Asubuhi nililia kwa hasira, nikachukua daftari la shule la mwanangu wa kwanza.

Nikaanza kuandika kila kitu: nilichokula, nilichomeza, saa, miguu ilivyokuwa. Mchana nasoma kwenye simu. Ndipo nikakuta kuwa hali hii ina jina, miguu isiyotulia, na kwamba daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliieleza kitaalamu tangu miaka ya 1940. Huwapata wajawazito wengi, hasa miezi mitatu ya mwisho. Tena dawa za mzio zinazoleta usingizi, promethazini ikiwa mojawapo, huichochea. Muuzaji hakunidanganya kuhusu mtoto. Alinipa dawa isiyo ya ugonjwa wangu. Hayo ni maswali mawili, na mimi nilikuwa nimeuliza moja tu.

Wifi nilimjibu kwa habari ya thalidomaidi. Ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, bila cheti cha daktari, ikisifiwa kuwa salama kabisa. Wajawazito waliimeza kwa usingizi na kwa kichefuchefu. Mpaka inaondolewa sokoni huko, Novemba 1961, watoto walikuwa wakizaliwa na mikono na miguu mifupi au bila kabisa. Duniani wanakadiriwa kuzidi 10,000. Marekani iliponea kwa sababu mama mmoja wa mamlaka ya dawa, Frances Kelsey, aligoma kuipitisha akidai ushahidi zaidi. Wifi alinyamaza, akaniuliza huyo mama alikuwa na watoto wangapi.

Kuhusu diazepamu nilisoma kuwa miezi ya mwisho inaweza kumfanya mtoto azaliwe mlegevu, ashindwe kunyonya vizuri, hata kupumua kwa shida. Nikajifunza pia kusoma yale makaratasi ya ndani ya boksi. Yakisema usalama kwa wajawazito haujathibitishwa, maana yake mara nyingi ni kwamba sisi hatukuingizwa kwenye majaribio. Hujaambiwa inadhuru, na hujaambiwa haidhuru. Na kama daktari alikuandikia dawa kabla ya mimba, tafadhali usiikate mwenyewe kwa sababu ya kitu ulichosoma, nenda kamuulize.

Kliniki nesi alikuwa akiniambia damu iko vizuri, 11.2. Nikaenda na daftari langu na maboksi yote ya dawa kwenye mfuko wa plastiki, nikamwomba daktari asome kurasa mbili tu. Akasoma nne. Akaniuliza: "Mama, unakula udongo?" Nilikuwa nakula pemba kila siku tangu mwezi wa tatu wa mimba, na sikuwa nimemwambia mtu. Alisema hamu ya udongo inaweza kuashiria upungufu wa madini ya chuma, akaniandikia kipimo cha feritini, ile akiba ya madini hayo mwilini. Kililipiwa maabara ya nje, elfu thelathini na kitu, au arobaini. Jibu likaja 9. Alisema mjamzito mwenye miguu kama yangu akiwa chini ya 75 anatibiwa kwa madini ya chuma kwanza, kabla ya kufikiria dawa nyingine yoyote.

Vidonge vya kuongeza damu nilikuwa navyo nyumbani, tena vya bure, ila nilikuwa navishushia na chai ya rangi, na chai inazuia madini yale kuingia mwilini. Daktari alinipangia dozi upya. Mimi nikahamishia vidonge saa nne asubuhi, mbali na chai, nikavishushia na maji ya machungwa niliyokamua mwenyewe. Pemba nikaacha. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko vyote. Nilitafuna karoti mpaka meno yakachoka.

Wiki ya nne daftari linaonyesha usiku wa kwanza bila kutoka uani. Wiki ya saba nimeandika neno moja, "nimelala", siku tano mfululizo. Siafu waliobaki waliondoka siku chache baada ya kujifungua, mtoto wa kike, kilo 3.1, analia kwa nguvu na ananyonya kwa nguvu. Wifi sasa ana mimba ya miezi minne. Daftari liko kwake.