Neither, either na jirani wa kitenzi

Rundo la insha za kidato cha nne liko mezani, na kalamu nyekundu imeshazunguka kosa lile lile mara kibao: "Neither the conductor nor the passengers was hurt." Najua linakotoka. Huko nyuma waliambiwa neither ni umoja, wakakariri. Ni kweli kwa "Neither of them is here". Ikishaandamana na nor, mambo yanabadilika: kitenzi kinamfuata aliye karibu nacho. Passengers ndio waliokaa jirani, basi were.

Geuza sasa: "Neither the passengers nor the conductor was hurt." Ajali ile ile, basi lile lile. Juzi kijana wa dawati la nyuma aligoma kabisa. "Madam, si watu ni wale wale?" Ni wale wale, baba, lakini hapa hatuhesabu majeruhi.

Kosa la pili ni kinyume chake: "Either my mother or my sister are coming." Huyu kahesabu watu wawili, akaweka wingi. Hili ndilo linaloniudhi, maana mtoto huyo huyo hawezi kuniambia "mama au dada wanakuja." Atasema "mama au dada atakuja," bila kufundishwa na mtu. Sikio analo tayari, ila akishika karatasi ya Kiingereza analiacha mlangoni.

Not only... but also inafuata njia hiyo hiyo ya ujirani. Both... and haina shida, ni wingi siku zote.

Mtego upo kwenye together with na as well as. "The headmaster, together with the teachers, is in the hall." Walimu wamejazana ukumbini, lakini kiima ni mkuu wa shule peke yake, wengine wamesindikiza tu.

Mkiandika insha, wekeni mwenye wingi mwisho. "Neither the students nor the teacher was late" ni sahihi, ila inakwaruza masikio. Na "Either you or I am wrong" mimi siiandiki kamwe, japo sarufi inairuhusu. Naivunja: "Either you are wrong or I am."

Kwenye maswali ya kujaza nafasi hamna uhuru huo, sentensi imeshapangwa. Kama ni or, nor au but also, tazama nomino iliyo kabla tu ya kistari. Ila kukiwa na swali, kitenzi hutangulia, na jirani anakuwa yule wa kwanza: "Does your mother or your sisters cook on Sundays?"