Nilivyoainisha Vifaa vya Mizigo vya Magari kabla ya Kulipa Ushuru

Shehena yangu ilikuwa na bidhaa za aina tano: keria za juu ya gari, mazulia ya buti, mikeka ya mpira, nyavu za kuzuia mizigo na mikanda ya kufungia. Wakala wa forodha aliziandika zote chini ya kichwa 8708, yaani namba ya kundi la bidhaa katika orodha ya ushuru, ambacho ni cha vipuri na vifaa vya magari, na nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mama, si zote ni za gari?" Jibu hilo lilinitia wasiwasi, kwani shehena yangu ya awali ilikuwa imekwama wiki nzima kwa kosa la namna hiyohiyo, nami nikalipia gharama za hifadhi. Nikamwomba asubiri siku mbili.

Sampuli za msambazaji zilikuwa dukani kwangu, Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Nilianza na zulia la buti: nilikata pembe yake kwa wembe, nikabandua gundi ya upande wa chini, nikaona mistari ya nyuzi zilizopenyezwa kwa sindano kwenye kitambaa kilichokuwa tayari. Hilo ndilo lililoamua. Mfumo wa Uwianifu, ambao ni utaratibu wa kimataifa wa kuainisha bidhaa kwa namba hizo na unatumika duniani tangu 1988, una kanuni kuu sita za ufafanuzi, na maelezo rasmi ya kanuni ya tatu yanatoa mfano wa zulia la aina hiyo hasa: hata likitambulika wazi kuwa ni la gari, linaingia 5703, cha mazulia ya nyuzi za kupenyezwa, kwa sababu kichwa hicho kinalielezea kwa umahususi zaidi kuliko 8708.

Mikeka ya mpira haikunisumbua. Maelezo ya Sehemu ya 17 ya mfumo huo, yanayotawala magari, yanaondoa waziwazi bidhaa za mpira laini uliopikwa kwa salfa, nayo ikaenda 4016, cha bidhaa nyingine za mpira huo.

Nyavu na mikanda ilinichukua muda mrefu zaidi. Maelezo hayohayo yanataka kifaa kiwe kinafaa kwa gari pekee au hasa kwa gari, ilhali mikanda yangu naiuzia pia waendesha bodaboda na wenye mikokoteni wa soko la Gikomba, na nyavu zile, zilizofumwa kwa mafundo ya kamba ya nailoni, zinafunika mzigo popote. Kwa hiyo nyavu zikaingia 5608, cha nyavu, na mikanda 6307, cha bidhaa nyingine zilizoshonwa kwa kitambaa. Keria peke yake ndiyo iliyobaki 8708, kwa kuwa imeundwa ishike paa la gari na haina kazi nyingine.

Kisha nilimwandikia msambazaji atengeneze ankara upya. Mahali alipokuwa ameandika "vifaa vya gari" tu, nilimtaka ataje malighafi, namna bidhaa ilivyotengenezwa na idadi ya kila aina. Naamini hatua hii inapuuzwa mno hapa Nairobi, ingawa ofisa wa forodha huanza na karatasi kabla hajafungua katoni. Tena kosa la ushuru haliishii kwenye ushuru, maana VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe.

Nilijiwekea kinga pia: Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa mwagizaji siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya, hivyo nilihifadhi picha za ile pembe ya zulia niliyoikata. Ofisa aliyekagua shehena aliomba kuona zulia na wavu tu, akalipindua zulia, akapapasa mgongo wake, akaidhinisha vichwa vyote vitano kama vilivyotangazwa.