Sufuri tatu

Mwaka 2017, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni, databesi ya sacco moja hapa Kisumu ilizima ghafla. Wa kwanza kulaumiwa akawa aliyeandika programu. Wa pili, stima. Seva yenyewe ilikuwa na stiki nne za RAM ya ECC, GB 8 kila moja, na dmesg, logi ya kerneli (kiini cha Linux), ilishasema yote: databesi ilipigwa SIGBUS, ishara ya kuiua programu iliyogusa kumbukumbu mbovu.

ECC huweka biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data. Biti moja ikigeuka, hurekebishwa kimyakimya. Zikigeuka mbili, kosa huonekana lakini halirekebishiki. Hapo Linux, tangu toleo la 2.6.32, huutenga ukurasa wenye kosa, yaani kipande cha kumbukumbu cha KB 4 tu. Ukiwa nakala safi ya faili, hutupwa na kusomwa upya kutoka diskini. Ukiwa data ya programu isiyo na nakala kwingine, programu hiyo ndiyo inayouawa. Ukiwa wa kerneli yenyewe, basi, mashine nzima huanguka. Sisi tuliangukia pale katikati. Databesi ikawashwa, ikajitengeneza kutoka kwenye logi zake, foleni ikasogea. Katika /proc/meminfo, HardwareCorrupted, jumla ya kumbukumbu iliyotengwa, ilisoma 4 kB: ukurasa mmoja.

Ila ce_count, hesabu ya makosa yaliyorekebishwa, ilizidi kupanda, na kila mara EDAC, sehemu ya kerneli inayoripoti makosa ya RAM, ilitaja mahali pamoja: page:0x6c2b81. Ukurasa kama huo hungoji ufe. Kerneli inaweza kuhamisha data yake kwingine na kuustaafisha, programu isihisi lolote. Nikaiandika namba hiyo ndani ya /sys/devices/system/memory/soft_offline_page. Ikapokelewa bila neno. HardwareCorrupted ikawa 8 kB, nami nikaagiza chai.

Chai haijapoa, ce_count imepanda tena. Mwenzangu akachungulia begani.

“Omera, hiyo ni namba ya ukurasa. Hapo panatakiwa anwani.”

Anwani ni namba ya ukurasa mara 4096. Kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16, ndiyo ile 0x), unaongeza sufuri tatu tu: 0x6c2b81000, karibu GB 27. Mimi nilikuwa nimestaafisha ukurasa usio na hatia huko karibu na MB 7. Tukarudia. 12 kB, na hesabu ikatulia.

Hiyo si tiba, kwa sababu seva ikiwashwa upya orodha ya kurasa zilizotengwa hufutika. Jioni, sacco ilipofungwa, tukazima, tukabadilisha nafasi za stiki ambayo EDAC iliitaja na jirani yake. Kosa likiifuata stiki, stiki ni mbovu. Likibaki palepale, tazama sloti: vumbi, au bodi yenyewe. Tukaanzisha kazi ya kunakili databesi ili RAM itumike kwelikweli. Kabla ya saa mbili usiku, kosa likajitokeza kwenye sloti mpya.

Tukaing'oa stiki hiyo, mwenzangu akaichora X kwa kalamu ya wino mzito, isije ikarudishwa kwa bahati mbaya. Asubuhi sacco ilifunguliwa kwa GB 24.