Siku moja ya mwalimu wa Hisabati Mombasa: kutoka mabano hadi mediani

Saa 1:20 asubuhi. Kengele haijalia. Ubaoni kuna mlinganyo mmoja tu:

3(x − 4) − 2(x − 5) = 7

Mtego uko kwenye −2 mara −5. Anayeandika −10 atatoka na x = 29. Ninachodai ni hatua zipangwe, kila moja mstari wake, alama za usawa zikisimama wima:

3x − 12 − 2x + 10 = 7
x − 2 = 7
x = 9

Halafu uhakiki: 3(5) − 2(4) = 15 − 8 = 7. Mwenye 29 atapata 75 − 48 = 27, na kosa litajianika lenyewe. Mstari huu ndio wanafunzi huuruka, nami siachi kuudai.

Saa 3:40. Maswali ya maneno. Sokoni Kongowea, nazi 2 na maembe 3 ni shilingi 180. Nazi 4 na embe 1 ni shilingi 260. Kabla ya kukokotoa, tuandike herufi zinasimamia nini: n ni *bei* ya nazi moja, m ni *bei* ya embe moja. Anayeandika "n = nazi" hupotea mbele ya safari.

2n + 3m = 180
4n + m = 260

Zidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2: 4n + 6m = 360. Toa wa pili: 5m = 100, basi m = 20 na n = 60. Wengi huzidisha upande wa kushoto na kuisahau ile 180. Hapo embe linakuwa shilingi −16. Bei ya aina hiyo hakuna soko litakaloikubali, kwa hiyo rudi juu ukague.

Saa 5:00. Jiometri. Ngazi ya mita 6.5 imeegemea ukuta, mguu wake uko mita 2.5 kutoka ukutani. Inafika juu kiasi gani? Chora kwanza, utie alama pembe ya nyuzi 90. Ngazi iko mkabala na pembe hiyo, kwa hiyo ndiyo upande mrefu kuliko yote, na hapa tunatoa mraba wa 2.5 kutoka mraba wa 6.5: 42.25 − 6.25 = 36, kipeuo chake cha pili ni 6. Jibu ni mita 6. Anayejumlisha hupata karibu mita 6.96, yaani ukutani imefika juu kuliko urefu wake wenyewe.

Vipimo vya eneo navyo vina balaa lake: mita mraba 1 ni sentimita mraba 10,000, si 100. Chumba cha mita 4 kwa 3 kinahitaji vigae 75 vya sentimita 40 kwa 40. Ukitumia 100, chumba kizima kitatoshwa na robo tatu ya kigae.

Saa 8:00 mchana. Joto limekolea, takwimu zinahitaji jedwali safi.

Alama 40–49: wanafunzi 4
50–59: 9
60–69: 12
70–79: 5

Nukta za kati ni 44.5, 54.5, 64.5 na 74.5. Zidisha kila moja kwa idadi yake, jumlisha: 1,815. Gawanya kwa 30, wastani ni 60.5. Ukigawanya kwa 4, yaani idadi ya makundi, utapata 453.75, ilhali alama ya juu kabisa ni 79.

Mediani, yaani alama ya katikati wanafunzi wakipangwa kwa alama zao, ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Nusu ya 30 ni 15. Makundi mawili ya kwanza yana watu 13, kwa hiyo tumo kwenye 60–69. Mpaka wa chini, katikati ya 59 na 60, ni 59.5. Kutoka 13 hadi 15 ni watu 2, kundi lina watu 12, na upana wake ni 10:

59.5 + (2 ÷ 12) × 10 = 61.17

Anayeanzia 60 hupata 61.67. Jibu hilo linaonekana zuri, halina dalili yoyote ya ubovu, na uhakiki wa macho hauligundui.

Saa 10:30. Kusahihisha. Njia ina alama zake na jibu lina zake, kwa hiyo aliyeonyesha mpangilio na kuanzia 60 hatoki mikono mitupu. Aliyeandika 61.67 peke yake sina pa kumsaidia. Namzungushia kwa wino mwekundu, namwandikia pembeni: "Mpaka wa chini? Onyesha."